Shajara ya mradi: kutoka ncha ya mzizi hadi chanzo cha uvimbe

## 12 Januari: Swali lililoanzisha kazi

Mradi huu umetokana na jibu nililolitoa vibaya darasani. Mwanafunzi aliniuliza seli ya saratani inatofautiana vipi na seli ya kawaida, nami nikamjibu kwamba seli ya saratani hugawanyika kwa kasi zaidi. Hakuridhika. Aliniuliza tena: "Mwalimu, mbona ulitufundisha kwamba uboho hutoa chembe nyekundu za damu zipatazo milioni mbili kila sekunde? Basi uboho nao ni saratani?" Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amenikamata mahali penyewe. Uboho hugawanya seli kwa kasi kubwa mno, ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha upya kila baada ya siku chache, na yote hayo ni afya. Kasi peke yake haiwezi kuwa jibu.

Nimeamua kulitafuta jibu pamoja na wanafunzi, kwa macho na kwa mikono, badala ya kuwasomea maelezo mengine. Mpango una sehemu tatu. Kwanza tutaona mgawanyiko wa kawaida wa seli katika ncha za mizizi ya vitunguu. Pili tutalinganisha tishu nzima na tishu ya uvimbe kwa kutumia slaidi zilizotayarishwa kwa mafunzo. Tatu tutajenga kielelezo, kwanza kwa shanga na dadu, kisha kwa programu ya kompyuta, ili tuone seli moja inawezaje kuacha utii wa tishu nzima. Nitaandika gharama kwa saa na kwa vifaa vilivyoharibika, maana hayo ndiyo anayetaka kurudia kazi hii atahitaji kuyajua mapema.

## 20 Januari: Mizizi iliyooza, na mizizi iliyogoma

Tuliweka vitunguu vinane juu ya mitungi ya maji, kila kimoja kikishikiliwa kwa vijiti vitatu. Baada ya siku nne tulikuwa na mizizi mizuri katika vitunguu viwili tu. Vitatu vilioza kwa sababu tulijaza maji hadi yakafunika nusu ya kitunguu, na vingine vitatu havikuchipua kabisa. Ninadhani vilikuwa vimetiwa dawa ya kuzuia kuchipua wakati wa kuhifadhiwa, jambo linalofanyika sana kwa vitunguu vya ghala.

Marekebisho yalikuwa rahisi. Maji yaguse kitako cha kitunguu tu, yabadilishwe kila siku, na mizizi mikavu ya zamani ikwanguliwe kabla ya kuanza bila kuumiza kitako chenyewe. Mzunguko wa pili ulitupa mizizi ya kutosha katika vitunguu sita kati ya vinane. Gharama ya somo hili ni siku nne na vitunguu sita.

## 27 Januari: Slaidi kumi na nne bila seli moja ya kutazamika

Utaratibu tulioufuata ni wa kawaida: kukata ncha za mizizi, kuzigandisha katika mchanganyiko wa sehemu tatu za ethanoli na sehemu moja ya asidi ya asetiki, kuzilainisha kwa asidi ya hidrokloriki ya moto, kuziosha, kuzitia rangi, kisha kuziponda taratibu chini ya kioo chembamba cha kufunikia. Walioandika maelekezo haya huyafanya yaonekane kama kupika chai. Sisi tuliharibu slaidi 14 kabla ya kupata moja inayosomeka, na kila kosa lilitufundisha jambo lake.

Slaidi tano za mwanzo zilionyesha seli ndefu zilizopangwa kama matofali, zikiwa zimetulia bila dalili ya kugawanyika. Tulikuwa tumekata mzizi mahali pasipofaa. Seli zinazogawanyika zimo katika milimita mbili za mwisho za ncha, nyuma kidogo ya kofia inayoilinda. Juu ya hapo seli huacha kugawanyika na kuanza kurefuka. Baada ya kutiwa rangi, ncha hiyo huonekana nyeusi zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa seli zake ni ndogo na viini vyake vimejaa. Tangu tulipojua hivyo, tunakata kipande chenye rangi nzito na kutupa kilichobaki.

Slaidi nne zilizofuata zilikuwa na seli zilizorundikana tabaka juu ya tabaka, kwa sababu tuliruka hatua ya asidi kwa kuogopa kuichezea na wanafunzi. Hatua hiyo hairukwi, kwani ndiyo inayoyeyusha gundi inayoshikanisha kuta za seli. Tulipoirudisha tulizidisha: mizizi ilikaa dakika ishirini badala ya tano, ikageuka uji na viini vikakataa rangi. Slaidi tatu zikaenda hivyo. Sasa tunatumia asidi ya nguvu ya mola moja kwa lita, katika bafu la maji la nyuzi 60 za Selsiasi, kwa dakika tano zilizopimwa kwa saa, na mimi mwenyewe ndiye ninayeishika asidi nikiwa nimevaa glavu na miwani.

Slaidi mbili za mwisho ziliharibika kwa mkono. Wanafunzi walikisugua kioo cha juu wakati wa kukibonyeza, na seli zikaviringika kama nyuzi. Kioo kinapaswa kubonyezwa wima kwa kidole gumba, juu ya karatasi ya kunyonya, bila kukisogeza hata kidogo. Gharama hadi hapa ni saa tisa za maabara, vioo vya kufunikia 11 vilivyovunjika, na karibu nusu ya chupa yetu ya rangi.

## 3 Februari: Seli ya kwanza iliyoonekana waziwazi

Leo, kwa ukuzaji wa mara 400, tumeiona anafezi, hatua ya mgawanyiko ambapo kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, hutenganishwa. Kromosomu za seli moja zilikuwa zimetengana makundi mawili, kila kundi likivutwa kuelekea upande wake, mikono ya kromosomu ikiburuzika nyuma kama nguo inayovutwa kutoka majini. Mwanafunzi aliyeiona kwanza alikataa kuondoka kwenye hadubini hadi kila mtu amkute na kuitazama. Kitunguu kina kromosomu 16, na ingawa hatukuweza kuzihesabu zote katika seli hiyo, katika seli nyingine iliyopondeka vizuri tulihesabu 16 bila mabishano. Seli ya binadamu ina 46.

Tulihesabu seli kwa mara ya kwanza tukapata 6 zinazogawanyika kati ya 300, yaani asilimia 2. Nilishuku idadi hiyo kuwa ndogo mno kwa ncha ya mzizi unaokua. Tulipokagua tuligundua kwamba tulihesabu kutoka kila pembe ya slaidi, zikiwamo seli za sehemu inayorefuka ambazo zimekwisha kuacha kugawanyika. Tulirudia kwa kuhesabu katika eneo la seli ndogo za mraba peke yake, tukapata 44 kati ya 500, karibu asilimia 9. Nyingi kati ya hizo zilikuwa katika profezi, hatua ya kwanza ya mgawanyiko, chache sana katika anafezi, na uchache huo si bahati mbaya: hatua inayopita upesi hukutwa na seli chache wakati mzizi unapogandishwa.

Jambo hili ndilo lililobadilisha mwelekeo wa mradi, kwa hiyo ninaliandika kwa urefu. Hesabu zote mbili zilitoka katika mzizi mmoja. Milimita chache tu zinatenganisha seli zinazogawanyika kila mara na seli zilizoacha, na zote zina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni amri zinazozifikia, pamoja na utii wao kwa amri hizo. Niliwaeleza wanafunzi kwamba seli haigawanyiki kwa kuwa tu inaweza. Hupita vituo vya ukaguzi: kabla ya kuanza kunakili DNA yake, baada ya kuinakili, na tena katikati ya mitosisi, yaani mgawanyiko wenyewe wa kiini, pale ambapo kromosomu hazitaachanishwa hadi kila moja iwe imeshikwa na nyuzi kutoka pande zote mbili. Leland Hartwell, Paul Nurse na Tim Hunt walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kuvumbua sehemu muhimu za mitambo hiyo ya udhibiti, na sehemu kubwa ya kazi yao ilifanywa kwa hamira na kwa mayai ya viumbe wa baharini, si kwa seli za wagonjwa.

Nilishauriwa kutumia kolichisini ili kukamata seli nyingi zaidi katika metafezi, hatua ambayo kromosomu hujipanga katikati ya seli, kwa sababu dawa hiyo huzuia nyuzi za kuvutia kromosomu zisijengeke. Nimekataa, kwa kuwa ni sumu kali na hatuihitaji. Hata hivyo nimewaambia wanafunzi kwamba dawa ya saratani iitwayo vinkristini hushambulia nyuzi hizohizo. Dawa nyingi za saratani huzipiga seli zote zinazogawanyika, na hiyo ndiyo sababu nywele hunyonyoka na uboho hudhoofika pamoja na uvimbe.

## 17 Februari: Tulivyochanganya kifo na uzazi

Sehemu ya pili ilionekana nyepesi kwa sababu slaidi zilikuwa zimetayarishwa tayari: moja ya ukuta wa kawaida wa utumbo mpana, nyingine ya uvimbe wa saratani wa utumbo huohuo, zote zikiwa zimetiwa rangi inayofanya viini kuwa vya zambarau na sehemu nyingine kuwa za waridi. Tulihesabu seli zinazogawanyika katika zote mbili, na siku ya kwanza tukapata idadi kubwa ya kushangaza katika uvimbe. Nilikaribia kuiandika hapa kama tokeo.

Niliporudi peke yangu jioni na kutazama seli moja baada ya nyingine, niliona kwamba nyingi kati ya tulizozihesabu hazikuwa zikigawanyika bali zilikuwa zikifa. Kiini cha seli inayokufa hukunjamana na kuwa kidonge cheusi chenye ukingo laini, na sehemu inayokizunguka husinyaa na kukolea uwaridi. Kromosomu za seli inayogawanyika nazo ni nyeusi, ila ukingo wake huwa na manyoya manyoya, utando wa kiini haupo tena, na sehemu inayozizunguka ni pana na imekwajuka. Kwa macho ya haraka mambo haya mawili hufanana sana. Tulizihesabu upya seli zote kwa siku mbili, watu wawili wawili kwa kila eneo, na seli yoyote iliyobishaniwa iliachwa nje.

Hesabu mpya ilikuwa ndogo zaidi, lakini ilituonyesha kitu ambacho sikukitarajia. Katika utumbo wa kawaida, seli zinazogawanyika zilikuwa zimejipanga karibu na vitako vya vishimo vinavyozama ndani ya ukuta. Kadiri tulivyopanda kuelekea uwazi wa utumbo zilitoweka, na juu kabisa hatukuona hata moja. Katika uvimbe, seli zilizogawanyika zilikuwa popote: chini, katikati, hata juu kwenye uwazi. Uvimbe huo ulikuwa umepoteza mipaka. Na wingi wa seli zinazokufa ndani yake unasema kwamba seli za saratani nazo hufa, tena hufa nyingi.

Tuliona pia seli moja yenye kromosomu zilizovutwa kuelekea pembe tatu badala ya mbili. Mgawanyiko wa namna hiyo hauwezi kuzigawia seli watoto urithi sawa. Theodor Boveri, aliyechunguza migawanyiko ya aina hiyo katika mayai ya viumbe wa baharini, alipendekeza mwaka 1914 kwamba saratani huanzia katika seli iliyovurugika kromosomu zake. Hakuwa na njia ya kuisoma DNA, wala hapakuwa na aliyejua bado kwamba jeni zimeandikwa ndani yake.

Baada ya hapo nilifuta ubaoni sentensi yangu ya Januari kuhusu kasi.

## 2 Machi: Shanga zilizokwisha

Kielelezo cha kwanza kilikuwa na kanuni moja: kila ushanga ni seli, na kila raundi kila seli hugawanyika kuwa mbili. Tulianza na ushanga mmoja na mfuko wa shanga 500. Raundi ya nane ilitufikisha kwenye 256, na raundi ya tisa ilidai 512, ambazo hatukuwa nazo. Mwanafunzi mmoja alisema, "Mwalimu, mwili ungepasuka." Alikuwa sahihi. Mara ishirini za kujigawa huifanya seli moja kuwa 1,048,576, na mara thelathini huipita bilioni moja, kiasi ambacho kwa makadirio ya kawaida hukaribia uvimbe wa sentimita moja ya ujazo. Kielelezo kisicho na kifo wala kuondoka hakielezi tishu yoyote iliyo hai.

Toleo la pili liliingiza dadu. Ikitoka 1, 2 au 3, ushanga unagawanyika. Ikitoka 4, 5 au 6, ushanga unaondolewa. Niliamini kwamba nusu kwa nusu ingeleta utulivu, nikakosea tena. Makundi sita yalianza na shanga 20 kila moja. Kundi moja liliishiwa na shanga zote kabla ya raundi ya 20, na jingine lilifika 58. Uwiano wa bahati nasibu hauwezi kuilinda tishu, kwa sababu kila upungufu mdogo hubaki na kuongezewa mwingine, na kila ziada vivyo hivyo.

Toleo la tatu lilirekebisha hilo kwa ubao wenye miraba 20. Kila ushanga hurushiwa dadu. Ikitoka 6 unaondoka, na mraba ulioachwa wazi hujazwa na mtoto wa jirani. Jirani hagawanyiki mpaka nafasi ipatikane. Tulicheza raundi 50 na idadi haikutikisika kamwe, ingawa shanga nyingi za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuondoka. Kwa macho yangu hili ndilo toleo linalofanana na ngozi au utumbo: seli hupita, umbo hubaki, na kinachohifadhi umbo ni kila seli kusikiliza jirani zake.

## 9 Machi: Ushanga mwekundu

Sasa tuliweka ushanga mmoja mwekundu usiosikiliza ubao. Haungoji nafasi, ikitoka 1 hadi 4 unagawanyika, ikitoka 5 au 6 unakufa, na watoto wake hurithi wekundu huo. Ninasisitiza jambo ambalo wanafunzi walilihoji, nami nilitaka walihoji: ushanga mwekundu haurushiwi dadu mara nyingi zaidi kuliko mwingine. Kasi ya raundi ni ileile. Kilichobadilika ni mizani kati ya kuzaa na kuondoka.

Tulirudia mara 40. Mara 22 ukoo mwekundu ulitoweka wenyewe, mara nyingi katika raundi mbili au tatu za kwanza. Wanafunzi walidhani tumekosea, lakini hesabu inaunga mkono: uwezekano wa ukoo kutoweka ukianzia seli moja ni uwiano wa kufa kwa kuzaa, yaani 2 kwa 4, ambao ni nusu. Mara 18 zilizobaki ukoo ulishika, ukaongezeka kwa wastani wa theluthi moja kila raundi, na kufunika ubao. Kwa mwendo huo wa wastani, kuanzia seli moja hadi milioni moja kunahitaji karibu raundi 48, wakati seli zinazojigawa zote bila kufa zinahitaji 20. Uvimbe wenye vifo vingi hukua polepole, lakini hukua.

Baada ya wiki hii ninaweza kumjibu mwanafunzi wa Januari. Uboho hugawanyika upesi kwa kuwa umeamriwa, na huacha amri ikikoma. Seli ya saratani huendelea hata pale ambapo haikuamriwa, na haiondoki inapotakiwa kuondoka.

## 23 Machi: Jioni tatu zilizopotea kwa mstari mmoja

Shanga haziwezi kuonyesha kwa nini saratani nyingi huchelewa miaka mingi, kwa hiyo tulihamia kwenye programu. Kila seli ilipewa orodha ya jeni zake muhimu: jeni zinazosukuma mgawanyiko, mfano wake ukiwa RAS, ambazo zikiharibika hubaki kama kikanyagio cha mafuta kilichonata; na jeni zinazouzuia, kama RB1 na TP53, ambazo hasara yake ni sawa na kukatika kwa breki. Jeni ya TP53 hutengeneza protini iitwayo p53, inayoisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika au kuiamuru ife, na imeharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu. Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1979, na kwa takribani miaka kumi iliyofuata ilihesabiwa miongoni mwa visukumizi, hadi ilipobainika kuwa ni kizuizi. Ninalitaja hili kwa wanafunzi wanaoona haya kukosea.

Programu yetu ilitoa saratani katika kila tishu, mapema mno, na kwa seli zote kwa mpigo mmoja. Nilipunguza kiwango cha makosa mara kumi, kisha mara mia, na hali haikubadilika ila ilichelewa tu. Jioni ya tatu tuliona chanzo. Seli ilipogawanyika, programu haikunakili orodha ya jeni, bali ilimpa mtoto kiungo cha orodha ileile ya mama. Kosa lililomfikia mtoto mmoja liliandikwa papo hapo kwa mama, kwa ndugu na kwa ukoo mzima. Mstari mmoja wa kunakili orodha ulitibu yote. Anayeiga kazi hii na aanze kwa jaribio hili: mpe mtoto mmoja kosa, kisha uhakikishe kwamba mama yake hana.

Kosa hili la programu lilitusaidia kueleza biolojia. Katika mwili kila seli ina nakala yake kamili, na badiliko la jeni hubaki kwa seli lilipotokea na kwa uzao wake tu. Kwa hiyo saratani kwa kawaida huwa ukoo wa seli moja.

## 13 Aprili: Hesabu iliyokataa, na upanuzi wa ukoo

Programu iliyorekebishwa ilikwenda upande wa pili: haikutoa saratani hata kidogo. Sababu ilionekana kwa kalamu na karatasi. Tulikuwa tumechagua uwezekano wa moja kwa milioni kwamba jeni fulani itaharibika katika mgawanyiko mmoja. Makosa mawili katika seli ileile kwa mpigo ni moja kwa trilioni, na makosa matatu ni moja kwa trilioni mara milioni. Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30, na idadi hiyo bado ni ndogo mno kwa bahati ya makosa matatu kwa mpigo. Wanafunzi walifurahi wakasema basi saratani haiwezekani.

Tulichosahau ni kwamba makosa hayaji kwa mpigo mmoja. Kosa la kwanza, likiipa seli nafuu ndogo tu kama ile ya ushanga mwekundu, huiachia nafasi ya kuzaa ukoo. Ukoo ukifika seli milioni moja, kosa la pili lenye uwezekano wa moja kwa milioni linatarajiwa kutokea mahali fulani ndani yake katika mgawanyiko unaofuata, na seli hiyo huanza ukoo mpya wenye makosa mawili. Tulipoiruhusu programu kupanua ukoo baada ya kila kosa, saratani zilianza kutokea, chache na za uzeeni. Katika utumbo mpana njia ya namna hii imechorwa kwa undani: mara nyingi jeni ya APC, ambayo nayo ni ya kuzuia, huharibika kwanza na uvimbe mdogo usio wa saratani huota, kisha KRAS, mojawapo ya jeni za RAS, kisha TP53, na kati ya hatua hizo hupita miaka. Ndiyo maana kuondoa uvimbe mdogo utumboni mapema huzuia saratani ambayo bado haijawa.

Tuliongeza jaribio moja la umri. Peter Armitage na Richard Doll walionyesha mwaka 1954 kwamba kwa saratani nyingi kiwango cha vifo hupanda takriban kwa kipeo cha sita cha umri, wakalifasiri hilo kama hatua saba. Kwa kipeo hicho, umri ukiongezeka maradufu kiwango hupanda mara 64. Toleo letu la hatua saba zisizo na upanuzi, lenye viwango vya makosa tulivyovikuza kwa makusudi, lilitoa mstari wenye mwinuko wa karibu sita, yaani kipeo cha karibu sita cha umri. Toleo lenye upanuzi wa ukoo lilitoa mwinuko unaofanana kwa hatua tatu tu. Kwa hiyo mwinuko wa mstari peke yake hauwezi kutuambia idadi ya hatua, na ninamwomba yeyote atakayeiga asiutumie hivyo. Gharama ya wiki hizi tatu ni saa 31 za kompyuta na daftari zima la hesabu.

## 27 Aprili: Kuzaliwa na kosa moja tayari

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama saratani hurithiwa, na sikutaka kumjibu kwa sentensi moja tena. Tulirudi kwenye ubao wa miraba 20. Kila ushanga una nakala mbili za jeni ya kizuizi, na kila raundi hurushiwa dadu mbili. Zikitoka sita zote mbili, nakala moja imeharibika na ushanga unachorwa alama. Alama mbili katika ushanga mmoja ni mwanzo wa uvimbe.

Makundi matano yalianza na shanga safi, na mengine matano yalianza na shanga ambazo kila moja ilikuwa na alama tayari. Kwa makundi ya pili uwezekano wa uvimbe kuanza katika raundi yoyote ni karibu asilimia 43, na yote matano yalifika kabla ya raundi ya tano, moja likiwa na vimbe mbili katika miraba tofauti. Makundi safi yalifika kati ya raundi ya 6 na ya 15, kila moja kwa uvimbe mmoja.

Alfred Knudson aliliona umbo hili hili mwaka 1971 katika takwimu za retinoblastoma, saratani ya jicho la watoto wadogo. Watoto walioirithi waliugua mapema zaidi na mara nyingi katika macho yote mawili, wakati watoto wasioirithi waliugua baadaye na katika jicho moja. Alifasiri kwamba wa kwanza walizaliwa na pigo moja, yaani nakala moja iliyoharibika, katika kila seli na kubakiza pigo moja tu, na jeni yenyewe, RB1, ilitengwa mwaka 1986. Nilimweleza mwanafunzi huyo kwamba kinachorithiwa ni alama ya kwanza na si ugonjwa wenyewe, kwamba saratani nyingi hazianzii katika alama ya kurithi, na kwamba familia yenye alama hiyo hunufaika watoto wakipimwa macho tangu uchanga, kwa sababu uvimbe huo ukikutwa mapema hutibika.

Alichukua dadu akaomba arudie kundi lake la shanga safi peke yake. Alifika raundi ya 11. Daftari la matokeo, ubao na programu iliyorekebishwa vimewekwa kwenye kabati la maabara, na kitu kilichobaki kununuliwa kabla ya kundi lijalo kuanza ni vioo vya kufunikia na rangi.